Kachoteni Maji

Majogoo wa mtaa ule walikuwa wavivu. Aliyeamsha watu alikuwa Mama Moto.

"Nani kaacha trei hapa mlangoni? Nani huyo? Atoke nimwone!"

Wakisikia hivyo, majirani walijua kumekucha. Wengine walijifunika shuka tena. Wengine walitafuta viatu, kwa sababu baada ya sauti ya Mama Moto ilifuata harufu ya mkate. Harufu ile haikumwacha mtu kitandani.

Jina la Mama Moto lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa na bekari, na katika bekari kulikuwa na tanuri kubwa la matofali. Ya pili, usiulize. Ukikutana naye utaelewa.

Bekari ilijengwa na baba mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu. Mume wake alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo kubwa na maneno madogo. Yeye alipakia mikate kwenye gari na kuisambaza madukani, shuleni na hospitalini. Hospitali ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa kuliko wote. Bila hospitali, bekari isingepata hata pesa ya kuni.

Mikate yote ilipikwa na fundi mmoja. Watu walimwita Kimya. Ungeweza kushinda naye kutwa nzima ukaambulia "mm" moja tu, na hiyo moja ukaitafsiri mwenyewe.

Kulikuwa na wasaidizi wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwosha trei. Aliitwa Tosha, kwa kuwa ukimwuliza kama trei imetakata, hujibu, "Tosha." Wa pili alikuwa baba wa watoto watatu, mpasua kuni. Huyo walimwita Mbio, kwa sababu alitembea kama mtu anayehesabu mchanga.

Bekari ile ilikuwa na desturi yake. Kimya akishika mfuko wa hamira tu, Mama Moto hupiga makofi.

"Haya! Kachoteni maji!"

Tosha na Mbio huchukua ndoo na kwenda kwenye bomba la kona. Nyuma yao mlango wa chumba cha kukandia hufungwa kwa komeo. Mama Moto mwenyewe husimama nje ya mlango, mikono kiunoni, akilinda.

Zamani, Tosha alipokuwa mgeni, aliwahi kusema, "Mama, pipa limejaa."

"Limejaa?"

"Limejaa pomoni."

"Basi mwageni, mkachote tena."

Wakamwaga. Wakachota tena. Tangu siku ile Tosha hakuuliza. Kila asubuhi walimwaga maji safi uani, wakaenda kuyatafuta mengine. Maua ya uani yalinawiri kuliko maua yote mtaani. Hakuna aliyeyapanda kwa kusudi.

Desturi ile aliiacha baba mkwe. Kabla hajafa alisema, "Siri ya mkate ni mali ya nyumba. Mgeni akiijua, kesho atafungua bekari mbele ya mlango wako." Mama Moto alilishika neno lile kwa mikono miwili. Hakuwahi kuliuliza swali hata moja.

Siku moja, Kimya alivua aproni yake mchana, akaikunja vizuri.

"Mama," alisema, "mwisho wa mwezi naondoka."

Mama Moto alishangaa mara mbili. Alishangaa kwamba Kimya anaondoka, na alishangaa kwamba Kimya anaongea.

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Kiwanda kipya. Ng'ambo ya daraja."

"Umekosa nini hapa? Sema! Nimekupunja? Nimekutukana?"

Kimya alifikiri kidogo. "Mm," alisema.

Mwezi ukaisha. Kimya akaenda zake. Mama Moto akawaka.

"Hana shukrani! Mtu tumemlea hapa, tumempa siri ya nyumba, leo anakwenda kuwapikia wengine! Haya, aende. Watu wamejaa nchi nzima. Kesho nitapata kumi."

Akamwagiza mumewe aandike ubaoni: Anatakiwa mwokaji mikate. Awe na uzoefu wa miaka mingi. Awe kijana. Asiwe na shida za nyumbani.

Mumewe alishika chaki, akakuna kichwa. "Mke wangu, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, kijana, na hana shida za nyumbani, huyo si mtu. Huyo ni mzimu."

"Andika!"

Akaandika.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja mwenye mabega mapana.

"Tanuri unalijua?" aliuliza Mama Moto.

"Mama, mimi nimekulia kwenye tanuri."

"Haya, ingia kazini."

Bwana yule alifanya kazi kwa bidii, hilo hatumnyimi. Alipanga mikate tanurini, mmoja juu ya mwingine, safu juu ya safu, kama ukuta. Kisha akaziba mdomo wa tanuri kwa udongo.

"Unafanya nini wewe?" Mama Moto alipiga kelele.

"Naziba, Mama. Tutafungua baada ya siku tatu."

"Siku tatu? Mkate?"

"Ah, mkate!" Bwana yule alijipiga paji la uso. "Mimi nachoma matofali. Lakini tanuri ni tanuri, Mama."

Alifukuzwa kabla hajamaliza kunawa udongo.

Wa pili alikuwa dada mmoja mtulivu. Huyu alijua kazi. Alikanda unga, akaubonyeza kwa kidole, akaunusa, akautazama ukirudi juu taratibu. Mama Moto alifurahi moyoni, ila uso wake haukujua kuonyesha furaha.

"Kazi nitaiweza," alisema yule dada. "Siku ya mapumziko ni ipi?"

"Mapumziko? Watu wanakula mkate kila siku."

"Na nikiumwa?"

"Usiumwe."

Yule dada alichukua mkoba wake. "Asante, Mama," alisema, akaenda zake bila kugeuka.

"Mnaona?" Mama Moto alilia kwa hasira. "Mnaona watu wa siku hizi? Kazi ipo, mshahara upo, watu hawataki kufanya kazi!"

Basi akaamua kupika mwenyewe. Akafunga mlango, akamimina unga mezani. Hapo ndipo alipogundua jambo. Miaka yote ile alisimama nje ya mlango. Alijua komeo, alijua ufunguo, alijua nani kapita na nani hajapita. Mkate hakuujua. Alikuwa mlinzi wa siri asiyoijua.

Akamwita mumewe. "Baba yako alikufundisha?"

"Alimfundisha Kimya," alijibu mumewe. "Mimi alinituma kuchota maji."

Mikate iliyotoka siku ile ungeweza kuitumia kuzuia gari lisiteremke mlimani. Ya siku iliyofuata ilikuwa migumu zaidi. Shule ilirudisha mikate yake. Duka moja likarudisha. Mwisho akaja mkuu wa jiko la hospitali mwenyewe, mama mrefu aliyevaa koti jeupe. Aligonga mkate kwenye kaunta. Ko, ko, ko.

"Mama Moto, unasikia?"

"Nasikia."

"Jana mgonjwa wa mguu amelalamika jino. Wagonjwa wangu wanakuja na maradhi yao wenyewe. Hawahitaji mengine kutoka kwako."

"Fundi wangu ameondoka, ndugu yangu. Natafuta mwingine. Hawapatikani!"

"Nakuelewa. Lakini wagonjwa hawali maelezo. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Mkate usipokuwa mkate, nitanunua kiwandani, ng'ambo ya daraja."

Kiwandani! Kwa Kimya! Mama Moto aliona giza. Hospitali ikiondoka, tanuri litazimwa. Tanuri likizimwa, bekari itafungwa. Watoto wake, na Tosha, na Mbio, wote watakula nini?

Hasira ikikosa pa kukaa hutafuta jirani. Nyumba ya pili aliishi mwalimu wa chuo cha ufundi. Alifundisha upishi na uokaji. Walikuwa marafiki tangu usichana wao. Mama Moto alimkuta uani anaanika nguo.

"Wewe! Chuo chenu kinafundisha nini? Kusimama?"

"Salama, shoga yangu, na wewe umeamkaje?"

"Sikuamka mimi, sikulala! Vijana wamejaa mtaani wanashika kuta zisianguke, na mimi sipati mtu mmoja wa kupika mkate! Mnawafundisha nini huko, mwalimu? Kodi zetu mnazipeleka wapi?"

Mwalimu alibana nguo ya mwisho kwenye kamba, polepole. Kisha akageuka. Alikuwa mcheshi siku zote, lakini sasa hakucheka.

"Mwaka jana nilikuletea wanafunzi wangu wawili, wajifunze kazi kwako. Unawakumbuka?"

"Nawakumbuka. Walikuwa na adabu."

"Waliporudi chuoni niliwauliza, mmejifunza nini bekari? Unajua walinijibu nini?"

"Nini?"

"Kuchota maji."

Mama Moto alirudi nyuma hatua moja.

"Nilinyamaza kwa ajili ya ujirani," Mwalimu aliendelea. "Leo umekuja kunitukania chuo mbele ya chupi zangu, basi na mimi nitasema. Mwenye hoteli analia hana wapishi. Mwenye gereji analia hana mafundi. Seremala analia. Wewe unalia. Nyote mnataka fundi aliyeiva. Nani amwivishe? Mimi chuoni nina jiko dogo la umeme, na umeme ukikatika tunachora mkate ubaoni. Tanuri kama lako mwanafunzi atalionea wapi, kama si kwako? Sisi chuo tunaanza kazi, nyinyi waajiri mnaimaliza. Nyinyi mmefunga mlango, halafu mnauliza kwa nini hakuna aliyeingia!"

"Nikiwafundisha wataondoka!"

"Kimya yuko wapi?"

Mama Moto alitupa jicho upande wa daraja.

"Ulikuwa na anayejua mmoja," alisema Mwalimu. "Alipoondoka yule mmoja, wameondoka wote. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, shoga. Mimi sikupi pole."

Mama Moto alirudi bekari akipiga miguu chini. Alikuwa na hasira, lakini sasa hasira yenyewe haikujua imwendee nani. Alimkuta Tosha anasugua trei.

"Tosha," alisema, "wewe umekaa hapa tangu lini?"

"Nilikuja mwanangu ananyonya, Mama. Sasa ananyoa ndevu."

"Na umejifunza nini?"

Brashi ilianguka. Tosha alisimama. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Tosha akisimama namna ile.

"Unaniuliza mimi, Mama? Mimi? Haya, nitakwambia. Nalijua bomba la kona. Likikoroma asubuhi, maji hayatoki. Najua ndoo ipi inavuja. Mkate siujui, kwa sababu kila unga ukitaka kuwa mkate mnanitoa nje! Wiki mbili nzima unahoji wapita njia. Umemwita mchoma matofali, ukampa tanuri. Mchoma matofali, Mama! Kaingia siku moja, akapewa mlango wazi. Mimi uliyenijua miaka yote ukanipa udongo wake nisugue!"

"Na kuni za matofali yale nilipasua mimi," alisema Mbio kutoka uani.

"Nyamaza wewe!" walisema wanawake wote wawili.

Mama Moto aliketi juu ya gunia la unga. Alilitazama komeo la chumba cha kukandia. Mwisho akamwita mumewe kwa sauti iliyotikisa madirisha.

"Wewe! Baba yako alituachia bekari au gereza?"

"Mke wangu," mumewe alijibu taratibu, "nilitaka kukwambia."

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Tangu tulipooana."

Siku ya pili, Mama Moto alimwomba Mwalimu radhi. Alimwomba kwa ukali, lakini alimwomba. Kisha wakafuatana mpaka kwa Kimya. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Walimkuta amekaa kibarazani, miguu imenyooshwa, anamenya chungwa.

"Nimekuja kukuuliza," alisema Mama Moto. "Uliondoka kwa nini? Na usiniambie 'mm'."

Kimya aliweka chungwa chini.

"Mama yangu mzazi alipolazwa, nilikuomba siku moja nikamwone. Ukasema, mkate atapika nani? Ulikuwa na haki, hakukuwa na mtu. Nikakuomba nimfundishe Tosha. Ukasema siri ya nyumba haitoki nje. Mama, mlango ule hamkuwafungia wao. Mlinifungia mimi. Sikuugua, sikuzika, sikucheza ngoma ya harusi ya mdogo wangu. Kule kiwandani tuko wanne tunaojua kazi. Mmoja akiumwa, watatu wanapika."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Alipomaliza, alichukua chungwa lake kama mtu aliyetua mzigo.

Mama Moto alitazama chini. "Utarudi?"

"Mm-mm."

"Utatufundisha?"

Kimya alitafuna. Mwalimu akamkanyaga Mama Moto mguu, asiongeze neno.

"Siku zangu za mapumziko," alisema Kimya mwishowe. "Mnilipe. Na mlango ukae wazi."

Ndivyo ilivyoanza. Mwalimu aliwapangia utaratibu, akawaeleza wote pamoja, mwenye bekari na mpasua kuni.

"Kumfundisha mtu kazi si kumwambia 'tazama' halafu ukampa mgongo," alisema. "Kwanza, anayejua anafanya, na anasema kwa sauti anachofanya na sababu yake. Halafu mnafanya pamoja. Halafu mwanafunzi anafanya mwenyewe, na fundi anatazama, mikono nyuma. Mwisho, yule aliyejifunza anamfundisha mwenzake. Asiyeweza kumweleza mwenzake bado hajajua. Na anayejifunza ataharibu. Tengeni unga wa kuharibu, kama mnavyotenga kuni za kuwasha moto."

"Unga wa kuharibu!" Mama Moto alishika kichwa.

"Wiki iliyopita umeharibu magunia mangapi bila kumfundisha mtu yeyote?"

Mama Moto alikiachia kichwa.

Shida ya kwanza ilikuwa Kimya mwenyewe. Alikanda vizuri, lakini alikanda kama kaburi.

"Sema, Kimya," alihimiza Mwalimu.

"Mm."

"Hiyo 'mm' ndiyo nini? Tosha atakanda 'mm'?"

Kimya alihema. Kisha maneno yakaanza kutoka, moja moja, kama maji kwenye bomba lililokauka.

"Maji yawe ya uvuguvugu. Kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Ya baridi yanachelewesha hamira. Ya moto yanaiua. Hamira ni kitu hai." Akachukua kipande cha unga uliokandwa, akakivuta kwa vidole. "Kikikatika upesi, kanda tena. Kikitanuka kama utando, ukaona mwanga, basi." Akaenda tanurini, akatupa unga mkavu kidogo sakafuni ndani. "Ukiwa mweusi papo hapo, moto ni mkali. Ngoja. Ukibaki mweupe, ongeza kuni. Ukigeuka kahawia taratibu, ingiza mikate."

"Hiyo tu?" aliuliza Tosha.

"Mm."

"Hiyo ndiyo siri iliyonichotesha maji mpaka mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwenzake?"

Mbio alicheka mpaka akakaa chini. Mama Moto hakucheka.

Lakini kusikia si kuweza. Siku Tosha alipokanda peke yake, mambo yaliharibika. Kwa hofu ya kuweka maji ya baridi, aliweka ya moto. Unga ulilala mezani kama mgonjwa. Mikate ikatoka bapa kama kandambili.

Wote walimtazama Mama Moto. Kifua chake kilijaa. Mdomo wake ulifunguka. Mwalimu alimkazia macho. Mama Moto akatoka nje, akaenda mpaka stoo ya kuni, akafunga mlango. Kuni zile zilisikia mengi siku ile.

Aliporudi, alikuwa ametulia kidogo.

"Tosha, maji yalikuwaje?"

"Ya moto, Mama. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Mama Moto alifuta meza kwa kiganja. "Haya. Rudia," alisema. Akakunja mikono ya gauni lake. "Na mimi nisogezee unga. Tutaharibu wote."

Wakaharibu wote. Mbio pia aliharibu, tena kwa utulivu wake ule ule. Kumbe polepole yake ilifaa sana kwenye kukanda, maana unga haupendi haraka. Kila siku mikate ilinyanyuka kidogo. Kimya asipokuwepo, Mwalimu alipita jioni akitoka chuoni. Alibonyeza, alinusa, aliuliza, "Kwa nini umefanya hivi?" Na sharti lilikuwa kujibu.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mkuu wa jiko la hospitali akaja na koti lake jeupe. Alichukua mkate mmoja, akaugonga kwenye kaunta. Haukulia. Akaubonyeza. Ukashuka, ukapanda tena. Akakata kipande, akatafuna, akatafuna, na Mama Moto akahesabu kila tafuno moyoni.

"Umepata fundi?"

"Nimepata."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye trei," alijibu Tosha, akifuta mikono.

Yule mama alimtazama. "Wewe si yule mwosha trei?"

"Ndiye yule yule. Mmeniona leo tu, lakini siku zote nilikuwepo."

Hospitali haikwenda ng'ambo ya daraja.

Mambo mengine nayo yakabadilika. Kila mtu alipata siku ya mapumziko kwa zamu. Mshahara ulipanda kadiri mtu alivyoongeza ujuzi, ili kujifunza kuwe na faida kwa anayejifunza pia. Mama Moto alinung'unika, akalipa. Wanafunzi wa chuo walikuja tena, na safari hii walirudi na unga mpaka kwenye nyusi. Kisha Mwalimu akawapeleka Tosha na Mbio chuoni kufanya mtihani wa vitendo, ule wa watu waliojifunza kazi wakiwa kazini. Wakapata vyeti. Mama Moto alikwenda harusini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akacheza mpaka kiatu kikakatika. Mikate ilipikwa, na hakuna aliyemwita.

Usidhani basi kwamba hasira zake ziliisha. Moto ni moto. Asubuhi moja Mbio alimfuata, kofia mkononi.

"Mama, nimepata kazi hotelini. Wanataka mwokaji mwenye cheti."

"Nilisema!" Sauti ilipanda juu ya paa. "Nilisema au sikusema? Ukiwafundisha wanaondoka! Unga wangu, kuni zangu, leo unakwenda kuwapikia wageni wa hoteli! Mwalimu yuko wapi? Niitieni Mwalimu! Aje anieleze hili!"

Alisema la mwaka huu, akasema la mwaka jana. Alisema mpaka koo likamkauka. Hapo akanyamaza ili avute pumzi, na alipokuwa anavuta pumzi akaona jambo la ajabu. Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Tosha alikuwa anatoa mikate ya hospitali tanurini. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa anakanda ya shule, huku akimweleza mwenzake kwa sauti habari za uvuguvugu. Mumewe alikuwa ameshapakia nusu ya mzigo.

"Unaondoka lini?" Mama Moto alimwuliza Mbio, kwa sauti ya chini.

"Mwisho wa mwezi, Mama."

"Basi bado upo."

Alizungusha macho bekari nzima. Kwenye karo alisimama mwosha trei mpya, mama mmoja aliyeajiriwa juzijuzi. Povu lilikuwa limemfika kwenye viwiko. Aliposikia kelele alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri zimpite.

"Wewe hapo," alisema Mama Moto. "Weka trei chini. Nawa mikono, uje hapa kwa Mbio."

"Mimi, Mama? Nije kufanya nini?"

"Kuharibu unga," alisema Mama Moto. "Fanya upesi, tanuri limeshapata moto."